Tangu nikose kazi naona ishara kila mahali. Ni ishara kweli?

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 29, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma kwa kaka yangu. Nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka akafunga, na huu ni mwaka wa pili nazunguka kwenye usaili. Nimeshafanya mara tisa. Mara nne nilipita mchujo nikaitwa mahojiano ya ana kwa ana, ila kazi bado. Kinachonisumbua ni kwamba nimeanza kuona mambo yanajirudia. Mara tano nilivaa shati la buluu, nikapita mara tatu. Mara nne sikulivaa, nikapita mara moja tu. Bajaji yenye namba inayoishia na 7 ni siku nzuri. Nikishika simu nakuta 11:11. Kunguru akilia juu ya bati asubuhi, siku hiyo naharibu. Nilipokuwa dukani sikuwahi kuona vitu hivi hata siku moja. Wenzangu wanasema majina huwa yameshapangwa. Kuna mzee naye ameniambia nyota yangu imefunikwa, anataka shilingi 150,000 aisafishe, na nimeshaanza kuzitafuta. Je, hizi ni ishara kweli au akili imechoka? Nisije nikaishia Mirembe."

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na pesa, maana ndiyo yenye haraka. Hiyo 150,000 usiitoe. Kama umeshakusanya kidogo, kaa nayo. Kama kuna mtu uliyemwomba akukopeshe, mwambie huihitaji tena. Sababu nitaieleza huko mbele, lakini sikutaka usome maelezo marefu huku mzee huyo akiendelea kukupigia simu.

La pili ni Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Mtu anayejiuliza kama anachokiona ni cha kweli, akahesabu mara alizopita na mara alizokwama, kisha akatafuta wa kumuuliza, akili yake inafanya kazi. Ingekuwa unasikia sauti zinazokuamuru, au hujapata usingizi siku kadhaa, au una hakika kunguru yule ametumwa na mtu akudhuru na hakuna awezaye kukutoa kwenye hakika hiyo, ningekuambia nenda hospitali leo, na ikiwa ni Mirembe basi iwe Mirembe. Hapa mjini tumeligeuza jina hilo kuwa la kutaniana na kutishiana, na wapo waliochelewa kutibiwa kwa kuliogopa jina tu. Ile ni hospitali. Mtu huenda akiumwa, hutibiwa, hurudi kwake. Ila kwa ulichoniandikia, wewe huna ugonjwa.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye sentensi ileile: "Nilipokuwa dukani sikuwahi kuona vitu hivi hata siku moja." Hapo umejijibu nusu ya swali. Bajaji zenye 7 zilikuwepo wakati ule. Kunguru walikuwa wanatua kwenye bati lilelile. Shati, ikiwezekana, ulikuwa nalo. Kilichobadilika ni pale ulipokaa wewe. Dukani, mteja akitaka nondo za milimita 12 ulijua zilipolala. Akiomba apunguziwe, ulijua unaweza kushuka mpaka wapi. Saruji ikiisha ulijua wa kumpigia. Ukifanya hili, linatokea lile, na ukikosea unaona palepale ulipokosea. Leo unasoma usiku, unafika mapema, unajibu unavyoweza, kisha uamuzi unatoka kwa watu usiowajua, siku usiyoijua, bila maelezo. Ukikwama huelezwi ulikosea wapi. Ukipita huelezwi ulipatia wapi. Usukani hauko mikononi mwako, na gari linakwenda.

Hali hiyo imechunguzwa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jennifer Whitson na Adam Galinsky, walichapisha majaribio sita kwenye jarida la Science. Nitakueleza moja kwa kirefu kwa sababu linafanana mno na usaili wako. Watu waliwekwa mbele ya kompyuta wakaonyeshwa maumbo, wakaambiwa wagundue kanuni iliyojificha ndani yake. Kila mtu alipochagua, kompyuta ilimjibu kama amepata au amekosa. Kwa kundi moja majibu hayo yalitolewa ovyo tu, hayakuhusiana kabisa na kilichochaguliwa. Hebu jiweke hapo: unafikiri, unabadili mbinu, unadhani sasa umeipata, kompyuta inakuambia umekosa. Unabahatisha, inakuambia umepata. Kundi la pili halikupewa majibu hayo ya kuchanganya.

Baadaye wote walionyeshwa picha 24 zilizojaa chenga, kama televisheni ya zamani antena ikigeuka. Nusu ya picha zilikuwa na kitu kilichofifia ndani yake, kiti au boti kwa mfano. Nusu nyingine zilikuwa chenga tupu. Kwenye picha zenye kitu, makundi yote mawili yaliona vizuri, karibu asilimia 95. Tofauti ikaja kwenye zile tupu: waliokuwa wamechanganywa na kompyuta walisema wanaona kitu katika asilimia 43 ya picha hizo, kuwazidi wenzao waziwazi.

Shika hapo kwanza, maana watu hulisimulia jaribio hili vibaya. Wale watu hawakupoteza uwezo wa kuona. Kiti kilichokuwepo walikiona sawasawa na wenzao. Waliongeza tu viti vingine ambavyo havikuwepo. Ndivyo ilivyo kwako: huoni vibaya, unaona na ziada. Katika majaribio mengine ya watafiti haohao, watu waliombwa kukumbuka tukio la maisha yao ambalo hawakuwa na la kufanya, na baada ya hapo wakawa wepesi zaidi kuamini visirani, na wepesi zaidi kuhisi njama katika visa walivyosoma. Hapo utakuwa umewatambua wenzako wa kijiweni.

Ni haki yako kujua pia kwamba jambo hili lina ubishi. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi, Michiel van Elk na Paul Lodder, walitoa mfululizo wa majaribio yao ya kuwapunguzia watu hisia ya kuwa na usukani, na hawakuona picha za uongo zikiongezeka. Sikufichi, na wala sioni aibu kwa fani yangu, kwa kuwa hivyo ndivyo elimu inavyochujwa. Maoni yangu ni kwamba dakika chache za kuchanganywa na kompyuta ni jambo dogo, huenda zikamgusa mtu au zisimguse. Miaka miwili ya kusubiri jina lako kwenye orodha ni uzito mwingine kabisa. Nje ya maabara ushahidi unaonekana kwa macho. Wakati wa vita ya Ghuba mwaka 1991, makombora yalipokuwa yakirushwa Israel, mtafiti Giora Keinan aliwalinganisha wakazi wa maeneo yaliyokuwa yakilengwa na wa maeneo yaliyokuwa salama zaidi. Mambo ya visirani na miiko yalikuwa mengi zaidi kwa wale wa maeneo ya hatari. Mapema zaidi ya hapo, Bronislaw Malinowski, mtafiti wa mila za watu aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki wakati wa vita kuu ya kwanza aliandika kwamba waliovua kwenye wangwa wa ndani, maji yakiwa shwari na samaki wa uhakika, hawakuwa na uganga wowote. Waliokwenda bahari kuu walikuwa na uganga mwingi. Ni watu walewale wa kijiji kilekile.

Kwa nini akili ifanye hivyo? Naijibu kwa kumtaja baba yangu, aliyelima mtama na uwele Bahi maisha yake yote. Unajua mvua ya kwetu: msimu mmoja kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi, na katikati yake mara nyingi inakatika wiki mbili au tatu, hasa Februari, mazao yakiwa yanaihitaji kuliko wakati wowote. Mkulima wa huku anashika jembe, mvua haishiki. Baba alikuwa akisoma kila kitu: mibuyu inachipua lini, upepo unavuma kutoka wapi, joto la usiku likoje. Kabla yake babu zetu walikuwa na mtemi aliyebeba dhamana ya mvua kwa niaba ya wote. Nikiwa chuoni nilidhani yote yale ni mambo ya kale. Nilipokua kiakili nikatambua kwamba baadhi ya alichokisoma baba kilikuwa sahihi kabisa. Upepo hubadilika kweli mvua inapokaribia kuingia, na miti huhisi mabadiliko ya majira kabla yetu. Aliyeacha kutafuta mpangilio Dodoma alikufa njaa. Sisi ni watoto wa waliotafuta. Kwa hiyo unapokuwa gizani, akili inaongeza juhudi ya kutafuta, na inalegeza masharti ya kukubali. Ni afadhali ihisi nyoka kumi wa uongo kuliko kumkosa mmoja wa kweli. Tatizo la ishara zako ni kwamba baba alikuwa na misimu arobaini ya kuzipima zake, na jirani wa kumwambia "mwaka juzi ilikuwa hivyohivyo na mvua haikuja". Wewe una usaili tisa na uko peke yako chumbani.

Nikuonyeshe kitu kidogo. Desemba iliyopita manyunyu ya kwanza yalinikuta nyuma ya nyumba na mpwa wangu wa miaka minane. Pale tuna vigae vya saruji vya mraba, vimejaa vumbi la miezi saba. Matone yakaanza, mazito, moja moja, yakiacha madoa meusi, kisha yakasita kama yanavyofanya. Tukahesabu. Vigae 36, matone 37. Ungedhani kila kigae kimepata tone lake. Vigae 13 vilikuwa vikavu kabisa. Viwili vilikuwa na matone matatu, na kimoja, pale karibu na ndoo, kilikuwa na manne. Mpwa wangu akaniuliza: "Shangazi, kwa nini mvua inakipenda kile?" Lilikuwa swali zuri. Akaenda kukiangalia kwa karibu, akagundua kina ufa, akaniambia mvua inafuata ufa.

Mvua haikukipenda. Kitu kikianguka bila mpango, hakijisambazi kwa usawa. Huangukia makundi makundi na kuacha mapengo. Usawa ndio ungehitaji mpango. Hilo halijakaa vizuri kwenye vichwa vyetu, kwa hiyo tukiona kundi tunatafuta sababu, na ukitafuta ufa hukosi. Wakazi wa London walifanya vivyo hivyo mwaka 1944. Mabomu ya V-1 ya Wajerumani yalipokuwa yakianguka, watu waliona mitaa fulani inapigwa kuliko mingine na wakaanza kuwaza kwamba inalengwa. Vita ilipokwisha, R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, aliligawa eneo la kusini mwa mji katika miraba 576 na kuyapanga mabomu 537 yaliyoanguka humo. Hesabu ya nasibu tupu ilitabiri miraba 227 hivi isiguswe kabisa. Ambayo haikuguswa kweli ilikuwa 229. Kule angani hapakuwa na aliyeuchagua mtaa wa mtu.

Turudi kwenye shati. Hili naomba ulifanye, usilisome tu. Kata vikaratasi tisa. Vinne andika "nimepita", vitano andika "nimekwama". Hayo ndiyo matokeo yako halisi. Vikunje, tia kwenye bakuli, tikisa. Sasa chota vitano bila kuangalia na useme hizi ndizo siku za shati la buluu. Hesabu una "nimepita" ngapi. Virudishe, tikisa, chota tena. Ukifanya hivyo kutwa nzima, utapata tatu au nne kwenye ule mchoto mara 45 katika kila michoto 126 kwa wastani, yaani zaidi ya mara 1 kati ya 3. Kile kilichokufanya uliamini shati lako kinatokea kwenye bakuli lisilo na shati lolote.

Na hukubeba ishara moja, umebeba nne: shati, namba 7, saa, kunguru. Tuseme kila moja ina nafasi kama ile ya bakuli, na hazitegemeani. Uwezekano kwamba angalau moja itaonekana "inafanya kazi", hata kama zote ni bure, ni kama mara 8 kati ya 10. Ukiongeza ya tano na ya sita unakaribia uhakika. Ishara zilizokuangusha huziandiki popote. Je, hukuwahi kuangalia rangi ya gari la kwanza kupita, ukaona haina mpango, ukaiacha? Ulifanya, ila hukumbuki, kwa sababu akili haitunzi kumbukumbu ya mambo yasiyofanana.

Kuhusu 11:11 nina la kukuambia ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Itamke kwa lugha yako: saa tano na dakika kumi na moja. Umeona? Ule ulinganifu umeyeyuka. Uko kwenye vioo vya simu peke yake, na simu unaishika mara nyingi mno kwa siku, hasa mtu anayesubiri ujumbe wa kuitwa. Saa tano kasorobo nayo uliikuta mara kadhaa ukaipita bila salamu.

Sijasema shati halina kitu, lakini. Kama ndilo linalokukaa vizuri, ukilivaa unasimama wima zaidi. Kama unalipiga pasi usiku wa kuamkia usaili, basi usiku huo umejiandaa pia na vyeti na wembe na nauli, na asubuhi hukukimbizana. Hiyo ni sababu ya kweli, inapita kwenye mwili wako na saa zako, na unaweza kuifanya hata ukiwa na shati jeupe. Kunguru hana njia ya kuufikia mtihani wako. Ana njia moja tu, nayo ni wewe: ukimsikia, moyo unashuka, unaingia chumba cha usaili ukiwa umeshajihukumu. Hapo kunguru "anafanya kazi" kweli, kwa mkono wako.

Yule mzee sasa. Sikuandikii kwa kudharau wazee wala imani ya mtu. Ukisali kabla ya usaili, sali. Sala haikuambii ni nani adui yako na haina bei. Ninachokipinga ni biashara ya kusafisha nyota, na naipinga kwa hasira, kwa kuwa wateja wake ni watu walio katika hali yako hasa: aliyeachishwa kazi, aliyetafuta mtoto miaka kumi, anayemuuguza mzazi asiyepata nafuu. Mtu mwenye usukani wake hatafutwi. Itazame ilivyoundwa. Ukilipa ukapita, nyota imesafishwa. Ukilipa ukakwama, kuna mtu ameifunika tena, ongeza kidogo. Usipolipa ukakwama, si nilikuambia? Usipolipa ukapita, ni bahati ya mara moja, haitadumu. Hakuna tokeo lolote linaloweza kumwonyesha kwamba amekosea, na jambo ambalo haliwezi kukosea halina linalokueleza. Kama unataka kumpima, mwulize mbele ya kaka yako: nikikwama usaili ujao, unanirudishia pesa yangu yote? Sikiliza jibu.

Na hawa wanaosema majina yameshapangwa, siwatupilii mbali wote. Upendeleo upo duniani, na mtu aliyewahi kuupitia hana kosa kuuhofia. Lakini angalia wanachoshikilia. Kama kuna aliyeombwa pesa, na anajua na nani, lini, kwa namba ipi ya simu, huo ni ushahidi, na mahali pake ni TAKUKURU, wanaoshughulikia rushwa. Kama ushahidi ni kwamba "sisi wote hapa tumekosa", kumbuka kwamba wanaokutana kijiweni saa nne asubuhi ni waliokosa. Waliopata wako kazini saa hizo, hamuwaoni. Madhara ya uvumi huo kwako ni ya vitendo kabisa. Ukishaamini yamepangwa, kitabu utakifungua cha nini?

Nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa sababu kinyume cha hali yako nacho kina hatari na kilitokea hapa jirani, Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga uliotarajiwa kufyeka mamilioni ya ekari. Walikuwa na matrekta, fedha, wataalamu, na imani kubwa kwamba kila kitu kiko mikononi mwao. Wagogo hawakuwa wamechagua uwele na mtama kwa kukosa akili. Walishausoma ukame na udongo ule unaokauka ukawa kama tofali. Mpangilio wa kweli ulikuwa wazi mbele ya macho, na wenye usukani wote hawakuuona. Mradi ulifungwa mwaka 1951, pauni kama milioni 36 zikiwa zimepotea. Kwa hiyo sikushauri uache kuangalia. Macho yako yana faida. Nataka tu uyape kipimo.

Kipimo chenyewe ni daftari la kawaida la kurasa 48. Fungua ukurasa, chora msalaba upate vyumba vinne. Cha kwanza: ishara ilikuwepo, mambo yakawa mazuri. Cha pili: ishara ilikuwepo, mambo yakaharibika. Cha tatu: ishara haikuwepo, mambo yakawa mazuri. Cha nne: haikuwepo, yakaharibika. Kila ishara na ukurasa wake. Akili yetu kwa asili hujaza chumba cha kwanza tu, na hapo ndipo imani inapozaliwa. Ukijilazimisha kujaza vyote vinne kwa mwezi, hata kwa mambo madogo, kama siku kaka alivyoamka na furaha au simu ulizojibiwa, utaona mwenyewe vyumba vinavyojaa. Nimewapa watu wengi kazi hii. Wengi huniambia kwamba katika wiki ya pili ishara zinaanza kuchosha, na mimi huwa nafurahi kusikia hivyo.

La pili, rudisha usukani mahali ambapo unawezekana kurudi. Usaili hauko mikononi mwako, lakini kuna mambo ya siku ambayo ukifanya hili linatokea lile. Uliuza vifaa vya ujenzi. Unajua bei, unajua vipimo, unajua mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi za nchi sita. Mji huu unajengwa kila kona, Nkuhungu ikiwemo. Kuna mafundi wasioweza kuandika makadirio ya vifaa wakaeleweka na mwenye nyumba. Kaa na mmoja, mwandikie hata kwa bei ya chakula cha mchana. Sisemi hiyo ndiyo ajira yako. Nasema akili yako ina njaa ya kuona kitendo chako kikizaa tokeo, na njaa hiyo ikishibishwa kidogo kila siku, haitakwenda kula namba za bajaji.

La tatu ni jepesi na linatoka kwenye majaribio yaleyale ya 2008. Baadhi ya waliokuwa wamenyang'anywa usukani walipewa nafasi ya kutafakari jambo wanalolithamini kwa dhati. Baada ya hapo kuona picha za uongo kulishuka, wakawa kama wengine. Hakuna aliyewarudishia usukani. Walikumbushwa tu kwamba wao bado ni watu. Usiku mmoja wiki hii andika ukurasa mzima kuhusu kitu unachokithamini na mara moja ulipokiishi. Kama ni uaminifu, andika siku ile mteja alipozidisha hela ukamrudishia. Usiandike kuhusu kazi unayoitafuta. Zungumza na kaka yako pia. Kwenye barua nzima umemtaja mara moja tu, kama mwenye nyumba.

Na usaili wa kumi ukifika, fanya hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla hujajua bajaji gani itakuja wala kunguru atatua wapi, fungua daftari uandike tarehe, uandike shati utakalovaa, uandike unatabiri utapita au utakwama na kwa nini. Weka sahihi, mpe kaka yako alishike mpaka matokeo yatoke. Kisha nenda. Majibu yakija, ya aina yoyote, fungueni pamoja mlisome, halafu niandikie mlichokuta.